Kichwa cha Joka, Mkia wa Nyoka: Mbona K-Drama Kali Huharibikia Fainali?

Usiku wa Krismasi 2022, Wakorea wengi hawakuwa na haja na keki. Walikuwa wanangoja Reborn Rich. Ilikuwa fainali, episodi ya 16, na JTBC ilipiga asilimia 26.9 ya utazamaji nchi nzima. Kwa kituo ambacho si moja ya zile runinga tatu kubwa za zamani, hiyo ni namba ya kutisha. Kwa drama za JTBC, ni The World of the Married ya 2020 pekee ilikuwa imewahi kupita hapo.

Ile fainali kuisha, watu waliwaka.

Kama hukuicheki, stori ni hii. Yoon Hyun-woo ni mtu wa mkono wa familia ya mabwenyenye, wenye kampuni ya Soonyang. Anawafanyia kazi chafu miaka yote, mwishowe wanammaliza. Ghafla bin vuu anaamka mwaka wa 1987, ndani ya mwili wa Jin Do-jun, mjukuu mdogo wa familia hiyo hiyo. Sasa anajua kila kitu kitakachotokea kwa uchumi wa Korea, kwa hivyo anaanza kuwanyang'anya kampuni yao kipande kwa kipande, huku akipimana nguvu na babu mwenyewe, Jin Yang-chul. Episodi kumi na tano tumekaa hapo tukimshangilia. Halafu lori. Do-jun anakufa, Hyun-woo anaamka hospitali, na kumbe ni wiki moja tu imepita. Tunaambiwa haikuwa kusafiri kwa wakati, ilikuwa toba, ju kumbe Hyun-woo kitambo alitumiwa kwa mpango wa kumuua Do-jun bila yeye kujua.

Kwa riwaya ya mtandaoni ambayo drama hii ilitolewa, hakuna hiyo maneno. Do-jun anabaki Do-jun na anakalia kiti. Wasee walioisoma walikuwa wanangoja hicho kiti wiki nzima. Hata ambao hawakuisoma walihisi wamechezwa.

Wakorea wana msemo wa kitambo kwa hii hali: yongdusami. Kichwa cha joka, mkia wa nyoka. Unaanza ukitema moto, unamaliza ukitambaa. Wanautumia kwa siasa, kwa biashara, lakini siku hizi ukiusikia kuna uwezekano mkubwa mtu analia kuhusu drama.

Sasa kabla tuendelee, onyo. Hapa chini namwaga kila kitu: nani alikufa, nani aliolewa na nani, nani aliamka hajui jina lake. Kama uko na drama umejaza kwa flashi na bado hujafungua, rudi baadaye.

Ngwaci na soda

Mtazamaji Mkorea ana lugha yake ya kuhukumu stori, na ukiielewa unaelewa hasira yake. Stori ikikwama, yaani dem hajui ukweli ambao sisi tumejua tangu episodi ya tatu, ama mbaya anashinda kila wiki, ama wapenzi wanapishana kwa lifti na sekunde mbili, wanasema hiyo ni goguma. Kiazi kitamu. Si unajua kula ngwaci kavu bila chai vile inakukaba hapo kooni? Ndiyo hiyo. Halafu mbaya akinaswa, ukweli ukimwagika mbele ya watu, hiyo ni saida, jina la soda yao isiyo na rangi. Inateremsha kila kitu.

Kwa hivyo drama yoyote ni hesabu ya ngwaci na soda. Mwandishi anakulisha ngwaci, na wewe unakula ju unajua soda inakuja. Fainali ndiyo chupa kubwa. Ukimaliza sahani nzima halafu mwenye hoteli akwambie soda imeisha, hautamshukuru kwa ngwaci hata kama ilikuwa tamu.

Hii ndiyo sababu mwisho unauma kwa K-drama kuliko kwa soap zile zetu za Mexico tulizokua nazo, zenye zilikuwa zinaenda mwaka mzima hadi mathe anasahau ilianza aje. Drama ya kawaida ya Korea ni episodi 16, mbili kwa wiki, karibu saa moja na kitu kila moja. Wiki nane, imeisha. Mara nyingi hakuna msimu wa pili. Yaani imejengwa kama filamu moja ndefu sana, na filamu yenye mwisho mbaya ni filamu mbaya. Mwisho ni sehemu ya mkataba.

Kuna makjang, zile drama za fujo za watoto kubadilishwa na wafu kurudi. The Penthouse ya SBS ilifanya misimu mitatu kati ya 2020 na 2021, na huko mtu alilipuliwa na bado akarudi. Hizo tuziache. Ukiingia makjang unajua umeingia circus, hudai mantiki. Shida ni zile zinazokuahidi akili halafu zinakupa circus saa za mwisho.

Skripti inafika ikiwa bado moto

Watu wengi hudhani mwandishi aliishiwa na idea. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa miaka mingi shida kubwa haikuwa kichwa cha mwandishi, ilikuwa saa.

Drama za Korea kitambo zilikuwa zinapigwa huku zinaonyeshwa. Timu inarekodi episodi chache za kwanza mapema, inaanza kurusha, halafu inabaki kukimbizana na kalenda. Episodi mbili kila wiki, haijalishi nini. Ukifika katikati, ile akiba imeisha. Hapo mwandishi, ambaye kwa kawaida ni mmoja na wasaidizi wake, si kikosi cha watu kumi kama Marekani, anatuma kurasa chache chache siku ya kurekodi. Wakorea wana jina la hizo kurasa, jjokdaebon, skripti ya vipande. Mwigizaji anapewa karatasi asubuhi, analia mbele ya kamera mchana, na mtu wa kuhariri anakata usiku.

Sasa piga hesabu. Episodi za kwanza mbili, tatu, zilipikwa kwa miezi. Ndizo zinavuta watu, kwa hivyo pesa, picha za nje ya nchi na muda vyote vimeenda huko. Episodi ya 15 na 16 zimepikwa na watu ambao hawajalala. Unashangaa nini ukiona kumbukumbu za episodi zilizopita zinarudiwa dakika kumi nzima na muziki wa huzuni? Hiyo ni kujaza gunia.

Mfano ambao hakuna mtu anaweza kukana ni A Korean Odyssey ya tvN, Desemba 2017. Episodi ya pili tu, wala si ya mwisho, ilienda hewani kazi ya kompyuta ikiwa haijamalizwa. Watazamaji waliona nyaya zimeshika waigizaji wa kuruka. Matangazo yalikatizwa, yakarudi, yakakatizwa tena, na mwishowe wakakata episodi kabla iishe. Na wakati huo huo fundi mmoja wa seti alikuwa ameanguka kutoka juu akitundika taa na akaumia mgongo vibaya. Hapo ndipo watu walianza kuona kwamba mwisho mbovu na mfanyakazi aliyeumia ni watoto wa mzazi mmoja.

Mwaka uliotangulia, Oktoba 2016, Lee Han-bit, mwongozaji msaidizi kijana wa drama ya tvN iitwayo Drinking Solo, alijitoa uhai. Aliacha maandishi kuhusu vile kazi ilivyokuwa inatumia watu na kuwatupa. Familia yake haikunyamaza, na 2017 CJ E&M, wenye tvN, waliomba msamaha hadharani. Leo kuna kituo cha kutetea haki za wafanyakazi wa vyombo vya habari kilichopewa jina lake. Nataja hii ju sisi hapa tunapenda kuandika "mwandishi ni mjinga, fainali takataka" tukiwa tumelala kitandani. Hasira iko sawa. Lakini kuna wasee walimaliza hiyo takataka bila kulala siku tatu.

Sheria ilibadilika 2018: saa za kazi kwa wiki zilishushwa kutoka 68 hadi 52, na kampuni kubwa za utangazaji ziliingizwa Julai 2019. Halafu Netflix nao wakaja na pesa na mtindo wa kumaliza kila kitu kabla ya kuonyesha. Hali imekuwa afadhali.

Lakini usidanganywe kwamba kurekodi mapema kunaponya kila kitu. Descendants of the Sun ya 2016 ilikamilika kabla haijaanza kurushwa, na bado kule mwisho Kapteni Yoo Si-jin alidhaniwa amekufa, akaliliwa, akaombolezewa, halafu akatokea jangwani anatembea kama mtu aliyetoka kununua maziwa. Hawakukosa muda hapo. Walitaka tu tulie mara moja zaidi.

Ikishika, wanaivuta

Kuna ugonjwa mwingine, huu wa mafanikio. Drama ikishika, kituo hakitaki iishe, ju matangazo yananunuliwa. Jumong ya MBC, ile ya mfalme mwanzilishi wa Goguryeo, ilipangwa episodi 60 na ikaishia 81 mwaka wa 2007. Queen Seondeok ya 2009 ilitoka 50 ikafika 62. Stori ya vita inaweza kuvutwa kiasi, unaongeza kijiji kingine cha kuteka. Stori ya mapenzi ukiivuta, lazima uachanishe watu ambao tayari wamepatana. Ndiyo unapata ile episodi ya 13 ama 14 ambayo dem anaamua kuondoka "kwa faida yake" bila kumwambia. Ngwaci tupu.

Siku hizi kuvuta kumepungua, lakini tabia ilibaki. Cheki Queen of Tears ya 2024. Ilifunga na asilimia 24.8, rekodi ya tvN, wakaipita Crash Landing on You iliyokuwa na 21.7. Mwandishi ni yule yule, Park Ji-eun. Episodi za mwanzo zilikuwa na kitu kizuri sana: watu wawili waliooana, Hae-in na Hyun-woo, ambao mapenzi yao yalikauka kwa sababu za kawaida kabisa, mtoto waliyempoteza na maneno ambayo hawakusema. Hiyo ni stori ya watu wazima. Halafu kufika mwisho: upasuaji Ujerumani, kumbukumbu zimefutika, mbaya anamdanganya mgonjwa, Hyun-woo anagongwa na gari, kutekwa nyara, risasi. Kila kifaa kilichokuwa kwa stoo kilitolewa. Ile ndoa iliyotuleta pale ikawa abiria kwa gari lake yenyewe.

Na bado ilivunja rekodi. Hapo ndipo waandishi wanapata kiburi chao. Tunalalamika, lakini hatuzimi.

Huzuni si kosa

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo mimi hugombana na watu. Wengi wakisema "mwisho mbaya" wanamaanisha "mtu wangu alikufa" ama "hawakuoana". Hiyo ni huzuni. Huzuni na ubovu si kitu kimoja.

I'm Sorry, I Love You ya KBS, 2004, inaua mhusika mkuu, halafu mwaka mmoja baadaye kwa stori dem anaenda kufia pale kaburini kwake. Hakuna kitu kikatili zaidi ya hapo. Na bado watu wanaitaja kwa heshima miaka ishirini baadaye. Kwa nini? Ju tangu mwanzo tuliambiwa huyu boy ana risasi kichwani na muda wake unaisha. Mwandishi aliweka deni mezani na akalilipa.

Linganisha na Lovers in Paris, mwaka huo huo, SBS. Hiyo ilipita asilimia 50. Nusu ya nchi ilikuwa inangoja tajiri na dem wa kawaida wamalizane. Mwishoni tukaambiwa kila kitu kilikuwa skripti ambayo mtu fulani alikuwa anaandika. Hakuna aliyekufa! Wapenzi kwa hiyo stori walipatana! Na ndiyo fainali imetukanwa kuliko nyingi za vifo, ju iliwaambia watazamaji kwamba machozi yao ya wiki kumi yalimwagikia kitu ambacho hakikuwepo. Mwandishi mmoja wapo alikuwa Kim Eun-sook, ambaye baadaye alituletea Goblin na The Glory. Kwa hivyo mtu anaweza kuanguka vibaya na akainuka.

High Kick Through the Roof iko katikati, na sijawahi kuamua. Hii ilikuwa vichekesho vya MBC, episodi zaidi ya mia moja za familia moja kubwa na fujo zake. Machi 2010, episodi ya mwisho: Se-kyung, yule msichana wa kazi, yuko kwa gari na Ji-hoon, daktari ambaye amempenda kimya kimya miezi yote. Mvua inanyesha. Hatimaye anamwambia. Anatamani wakati usimame. Picha inaganda, inakuwa nyeusi na nyeupe, na tunaelewa walikufa kwa ajali. Imeisha. Fikiria familia imekaa kula chakula cha jioni ikingoja kicheko cha mwisho.

Watu walikasirika vibaya sana. Lakini ukirudi nyuma, huyo mwongozaji, Kim Byung-wook, alikuwa ametuonyesha tangu mwanzo kwamba Se-kyung na mdogo wake ni maskini ndani ya nyumba ya watu wengine, na vicheko vyetu vilikuwa vinapita juu ya kichwa chake. Ishara zilikuwepo. Bado nafikiri mtu akiuza vichekesho ana wajibu fulani wa kutotupa maiti mbili mezani.

Halafu kuna Twenty-Five Twenty-One. Aki hii.

tvN, 2022. Na Hee-do ni dem wa shule anayecheza mchezo wa vitara, Baek Yi-jin ni boy ambaye familia yake ilifilisika kwa ile mizozo ya pesa ya IMF mwishoni mwa miaka ya tisini. Anamwona akiangusha maisha, anamwona akiyaokota tena. Mapenzi yao yamejengwa polepole hadi unayaamini kuliko ya majirani zako. Na kutoka episodi ya kwanza, tunamwona binti ya Hee-do akisoma shajara ya mamake. Jina la binti ni Kim Min-chae. Kim, si Baek.

Mwandishi alituambia siku ya kwanza! Sisi ndio tulikataa kusikia. Watazamaji walitengeneza nadharia kila wiki: labda alibadilishwa jina, labda ni wa ndoa nyingine, labda Yi-jin aliokoa mtu. Fainali ilipofika Aprili na wakaachana kweli kweli, mashabiki waliwaka kama JTBC ya Desemba.

Upande wao wana pointi. Kuachana kwenyewe kulibebwa na episodi mbili tu. Yi-jin, ambaye sasa ni mwanahabari, anaenda New York kuripoti Septemba 11, anabaki huko, simu zinapungua, ahadi zinavunjika, wanagombana, kwisha. Baba wa mtoto hatumwoni hata kisogo. Miaka baadaye Yi-jin akiwa mtangazaji anamhoji Hee-do hewani na kumpongeza kwa ndoa yake, na hapo moyo unaanguka tu. Ukitaka kuvunja kitu ulichojenga kwa saa kumi na nne, unahitaji zaidi ya saa mbili kukivunja. Hilo ni kosa la uandishi, nakubali.

Lakini kuachana si kosa. Msee wa miaka ishirini na kitu anayefanya kazi ya kuripoti vifo, na dem anayezunguka dunia kwa mashindano, ni nani kati yetu hajaona hiyo movie kwa maisha halisi? Simu inaanza kila usiku, inakuwa kila wiki, inakuwa "sorry nilikuwa bize". Nilichukia hiyo fainali kwa mwaka mzima. Siku hizi nikiirudia nairudia kwa ajili ya hiyo fainali.

Wakati mashabiki ndio shida

Reply 1988 ilikuwa na mchezo wa kubahatisha: mume wa Deok-sun ni nani? Boy wa kwanza, Jung-hwan, anampenda kimya na ana sura ya kuchukia dunia. Wa pili, Taek, ni bingwa wa mchezo wa baduk ambaye hawezi hata kufungua pakiti ya maziwa. Korea iligawanyika mara mbili. Januari 2016 jibu likatoka: Taek. Upande wa Jung-hwan mpaka leo haujapona. Wanasema mume tunayemwona akiwa mtu mzima kwa episodi za mwanzo anaongea kama Jung-hwan kabisa, kwa hivyo mwandishi alibadilisha nia katikati.

Inawezekana. Lakini tazama tena ile episodi ya 18, Jung-hwan akimwambia Deok-sun ukweli wote halafu anaugeuza kuwa mzaha mbele ya mabeshte. Hiyo ni stori nzima ya mtu aliyechelewa. Alikuwa na nafasi kumi na akazipisha zote. Mashabiki walitaka apewe zawadi ya kungoja. Drama ilisema kungoja si kazi, kazi ni kusema.

Kosa la kweli la Reply ni lingine: mchezo wa mume ulikula hewa. Watu walianza kutazama kama wapelelezi, wakipuuza wazazi wa mtaa wa Ssangmun-dong, ambao ndio roho ya ile drama.

Cheese in the Trap, miezi hiyo hiyo, ilikuwa na kesi tofauti. Hii ilitolewa kwa katuni ya mtandaoni ambayo ilikuwa bado haijaisha. Kuanzia katikati, mhusika mkuu Yoo Jung alianza kupotea kwa stori yake mwenyewe, nafasi yake ikachukuliwa na In-ho. Mwishoni Hong Seol anagongwa na gari, Jung anaenda ng'ambo, miaka inapita, na tunabaki na barua pepe moja inayoonyesha imesomwa. Mchoraji wa katuni, Soonkki, alijitokeza hadharani kusema hakushirikishwa na hakuonyeshwa skripti. Wakati mwenye shamba mwenyewe anauliza nani alipanda hii, basi.

Kutambua mapema

Ukiangalia hizi zote, ule mkia wa nyoka huonekana kabla ya fainali. Mimi huanza kushuku mahali fulani episodi ya 11 hadi 13. Swali langu ni moja: swali la episodi ya kwanza bado linaulizwa? Sky Castle ya JTBC, iliyoanza na asilimia 1.7 na kufunga na 23.8 Februari 2019, iliuliza mzazi anaweza kuua nini ili mtoto aingie chuo kikuu. Kwa episodi 19 hilo swali lilikuwa kama kisu. Ya 20, karibu kila mzazi akawa ameokoka, wanacheka, wanacheza na watoto. Mimi sikatai watu kutubu. Nakataa watu kumi kutubu kwa saa moja.

Kwa upande wa waliomaliza vizuri, My Mister ya 2018 haina busu, haina ndoa, haina kisasi kikubwa. Ji-an na Dong-hoon wanakutana kwa bahati Seoul, muda umepita, wanasalimiana kwa mkono. Swali la episodi ya kwanza lilikuwa kama hawa watu wawili waliochoka wataweza kuishi. Wameweza. Na When Life Gives You Tangerines ya 2025, iliyotolewa episodi nne nne kila Ijumaa ya Machi, ilianza na msichana wa Jeju anayetaka kuwa mshairi, na inaisha na mzee aliyechapisha kitabu. Mumewe, Gwan-sik, anakufa kabla ya mwisho. Nililia vibaya, lakini sikuhisi nimeibiwa.

Crash Landing on You iko nusu. Wawili wa Kaskazini na Kusini wanapata wiki mbili kwa mwaka Uswisi. Wengine walisema ni kidogo mno. Kwa mpaka ule, na vile hali ilivyo huko, wiki mbili ni nyingi, na mwandishi angetupa harusi Seoul angekuwa anatudanganya.

Sasa kuna tishio jipya, na limekuja na pesa za majukwaa ya mtandaoni: kutoisha. Squid Game ya 2021 ilifungwa na Gi-hun akigeuka kutoka kwa ndege, na ingetosha. Ikashika dunia nzima, kwa hivyo msimu wa pili ukaja Desemba 2024, wa tatu Juni 2025. Gi-hun akafa kwa ajili ya mtoto mchanga, na kabla machozi yakauke tukapelekwa Los Angeles kumwona Cate Blanchett akimpiga mtu makofi ya mchezo. Yaani mazishi yameisha na tayari kuna trela.

Na wale wa Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo mnajijua. SBS, 2016. Dem wa kisasa anarushwa enzi za Goryeo, anampenda Wang So, anakufa huko, anaamka zama zetu na anasimama mbele ya picha ya mfalme akilia. Wang So alikuwa amesema angemtafuta. Skrini ikazima. Imekuwa miaka mingi sasa, waigizaji wameshafanya drama zingine mob, IU amekuwa mama na binti ndani ya Tangerines, na bado kila ikitajwa mtu anauliza msimu wa pili unakuja lini.